Mshono wa Mkono wa Kushoto

Mnada wa mali ya marehemu Orrin Skaar ulifanyika uani kwake Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Maren Tveit alifika hata kabla ya dalali, akasimama mbele kabisa, karibu na meza moja ya mbao. Hakuwa na haja na trekta wala matandiko ya farasi. Juu ya meza ile, kati ya kopo la misumari na taa ya chemli isiyo na kioo, ililazwa bunduki kuukuu, na hiyo ndiyo aliyoijia.

Ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote pale uani. Ni ya aina ile yenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio, ambao mtu huusukuma chini kisha akaurudisha juu, na risasi nyingine ikaingia mahali pake. Chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa. Kitako kilijaa makovu, na shingo ya kitako, pale kiganja kinapokamata, ilikuwa imevishwa kipande cha ngozi mbichi iliyokauka ikawa ngumu na ya njano kama ukucha wa mzee.

Bunduki hiyo ilikuwa ya Halvor, babu yake aliyemlea. Maren alipokuwa na miaka saba alililia farasi majira yote ya baridi, na theluji ilipoanza kuyeyuka Babu alirudi nyumbani kwa miguu akimwongoza farasi mdogo wa rangi ya chai ya maziwa. Wakamwita Biskuti. Mtoto haulizi farasi ametoka wapi. Alikuja kujua mwaka huu tu, miaka ishirini baadaye, siku Shangazi Ragna alipokuwa jikoni akisukuma chapati za viazi, akaropoka kwamba Orrin alimtoa Biskuti akachukua bunduki, na kwamba Babu hakutafuta nyingine tena. Kila msimu wa kuwinda paa ulipofika aliazima ya jirani, na majirani wakamtania kuwa ni simba wa meno ya kuazima.

Siku hiyo Maren hakumaliza chakula. Sasa alikuwa mwalimu wa darasa la nne, Biskuti alikwisha zikwa nyuma ya ghala, na macho ya Babu yalikuwa yanakwenda. Akitazama kitu moja kwa moja aliona ukungu; kilichombakia ni mwanga kidogo wa pembeni. Maren akaweka jambo moja moyoni: bunduki irudi mikononi mwa Babu, naye aijue kuwa ni yake, kabla ya Jumamosi ya kufunguliwa msimu wa paa. Hakumwambia mtu ila shangazi.

Lakini katika kaunti ile jambo likijulikana na shangazi mmoja linajulikana na wote. Dalali alipoinyanyua bunduki na Maren akataja dola mia mbili, wanaume waliomzunguka waliingiza mikono mifukoni wakaanza kuangalia viatu vyao. Ndivyo wanavyofanya huko kitu kikiwa kinarudi kwa mwenyewe: hakuna anayepandisha bei. Mgeni mmoja kutoka mjini, mwenye kofia mpya, akataja mia tatu. Jirani yake akamsogelea, akamnong'oneza maneno machache kwa upole, na mgeni naye akaingiza mikono mifukoni. Dalali akagonga nyundo haraka kuliko siku zote.

Fundi bunduki wa eneo hilo alikuwa Delbert Rask, mzee mnene aliyefanya kazi katika kibanda nyuma ya nyumba yake, maili arobaini kwa barabara ya changarawe. Aliipokea bunduki, akaichungulia mtutu, akausukuma ule mkono wa chuma chini na juu. Ukalialia kama mlango wa zizi.

"Unataka ipone, au unataka iwe mpya?" aliuliza.

"Nataka iwe nzuri."

"Hilo silo nililokuuliza, binti."

Maren alitaka kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na Delbert akakubali kumfundisha kila Jumamosi kwa masharti mawili. La kwanza, yeye husema neno mara moja tu, asiyesikia shauri yake. La pili, hakuna kitu kinachotupwa katika kibanda kile mpaka bunduki yenyewe imetoka mlangoni; kila skrubu, kila springi iliyochoka, kila kipande kiingie kwenye kopo la kahawa lenye jina la mwenyewe. Maren aliposhika bisibisi kwa mkono wa kushoto, mzee alitikisa kichwa akasema amefundisha watu thelathini na wote walishika kwa mkono wa kulia. Maren akamjibu kwamba basi yeye ndiye wa kwanza kushika vizuri.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Alijifunza kudondosha mafuta juu ya kutu na kuisugua kwa sarafu ya shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma. Hubeba kutu na kuiacha ile rangi ya zamani. Delbert alimkataza msasa kwenye chuma. Rangi ile imechukua miaka mia kuja, alisema, na mtu mwenye pupa huimaliza kwa dakika kumi. Chini ya mtutu palikuwa na mahali chuma kimekwanguka kikawa cheupe, upana wa kiganja, pale mtu anapoibebea bunduki siku nzima akitembea. Hapo hawakupagusa. Makovu ya kitako waliyaondoa kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto, mvuke ukaingia kwenye mbao na mbao ikavimba ikajisawazisha. Delbert akachonga pini mpya badala ya ile iliyolegea, na mkono wa chuma ukaacha kulialia. Sasa ulisema mara mbili tu, neno fupi wakati wa kushuka na neno fupi wakati wa kupanda.

Ikabaki ile ngozi. Maren hakuipenda tangu siku ya kwanza. Aliiona kama bendeji chafu kwenye kidonda kilichosahauliwa, na kwa vile hakukumbuka kuiona utotoni alidhani Orrin ndiye aliyeifunga, kwa kuwa Orrin alikuwa mtu wa kufunga kila kitu kwa kilichokuwa karibu. Hata mlango wa pikapu yake ulishikwa na kamba.

"Hiyo ningeiacha," alisema Delbert. "Huku mtu haivishi bunduki ngozi kwa urembo."

Maren akasema Babu yake anastahili kitu kizima. Delbert alikuwa amekwisha sema mara yake moja, kwa hiyo alimpa kisu kidogo, ila akaongeza kwamba akate uzi, ngozi yenyewe asiiguse. Maren akakata uzi, tundu baada ya tundu, na ngozi ikabanduka kama ganda, ikaingia kwenye kopo. Chini yake mbao ilikuwa imevunjika karibu vipande viwili. Waliiunga kwa gundi na kijiti cha chuma ndani, wakaipiga msasa, wakaipaka mafuta ya kitani mara saba. Ilipokauka usingejua kama iliwahi kuvunjika. Maren aliipapasa, na siku nzima alitembea akitabasamu.

Jumatano, siku tatu kabla ya msimu, akampelekea. Babu alikuwa jikoni karibu na jiko la kuni, amekunja mikono ya shati, anasikiliza bei za ngano redioni. Maren alizima redio, akailaza bunduki mapajani mwake.

Mikono ya mzee ilikwenda polepole. Ilipapasa mtutu, ikashuka kwenye kitako, ikazunguka shingo. Akausukuma ule mkono wa chuma chini na juu, akainamisha kichwa kuusikiliza.

"Bunduki nzuri," alisema. "Imetunzwa. Ya nani hii?"

Maren alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akamwambia kwa sauti ndogo kuwa ni yake, ile aliyomwachia Orrin kwa ajili ya Biskuti.

Vidole vya Babu vikarudi kwenye shingo ya kitako, vikapita na kupita juu ya mbao laini, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika chumba kigeni. Halafu akampigapiga Maren mgongoni kwa upole, upole uliomuumiza zaidi. Akasema huenda pale mnadani zilichanganywa, mambo hayo hutokea. Yake ililia kama mlango wa zizi. Yake ilikuwa na makovu ya seng'enge. Na zaidi ya yote, yake ilishonwa na Inga.

Maren hakuwahi kusikia hayo. Bibi Inga alifariki yeye akiwa bado hajaanza kutembea, na Babu alimtaja mara chache, kama mtu anayefungua dirisha wakati wa baridi na kulifunga upesi. Sasa akasimulia. Farasi alimwangukia bondeni, bunduki ikavunjika shingo. Ilikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Inga alichukua ngozi ya ndama aliyekufa wiki hiyohiyo, akailoweka, akaishona juu ya meza hii hii kwa msharasi, ile sindano nene ya kushonea hatamu, akiimba na kumtukana farasi. Ngozi ilipokauka ilibana kuliko chuma.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto," Babu alisema. "Mishono yake yote ililalia upande usio wake. Nilikuwa nikishika pale, najua ninashika nini."

Maren akaketi sakafuni palepale, mbele ya magoti ya mzee. Kila alama ambayo Babu angeijulia bunduki yake, yeye aliirekebisha kwa mikono yake mwenyewe. Akakiri. Akasema ngozi ilikuwepo, ni yeye aliyeiondoa, alidhani ni uchafu wa Orrin.

Babu hakumfokea. Aliuliza swali moja.

"Ulikata ngozi, au ulikata uzi?"

"Uzi, Babu."

"Iko wapi?"

"Kwenye kopo la kahawa. Kwa Delbert."

"Sasa unakaa sakafuni unafanya nini, mwalimu?"

Aliendesha maili arobaini kwenda na arobaini kurudi. Delbert alikuwa mlangoni na kopo mkononi, kama mtu aliyekuwa akimngoja tangu Septemba. Alipomkabidhi aliweka juu yake msharasi na kibonge cha uzi uliopakwa nta.

Babu aliifungua mikono kabla Maren hajaingia. Maren alipoweka ile ngozi kiganjani mwake, kidole gumba kilipita juu ya matundu, moja, la pili, la tatu, kikasimama. Uso wa mzee ukafanya kitu ambacho Maren alikuwa hajawahi kukiona, ukawa wa kijana.

"Huyu hapa," alisema.

Wakailoweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ngozi mbichi ina tabia hiyo, haijatiwa dawa, ukiirudishia maji inakumbuka kuwa ngozi. Kesho yake jioni ilikuwa laini. Babu alitaka kushona mwenyewe, lakini msharasi ukamchoma mara mbili. Akamsukumia Maren uzi, yeye akaishikilia ngozi kwenye shingo ya kitako, akihesabu matundu kwa kidole na kumwelekeza: vuta, zaidi, unaogopa nini, haikuumi. Maren akashona kwa mkono anaoandikia. Hakuufikiria. Alipofika tundu la mwisho na kufunga fundo, Babu alipapasa mshono wote kutoka juu hadi chini, akarudia, halafu akaishika shingo ile kwa kiganja kizima na kukaa hivyo.

"Imelalia upande usio wake," alisema.

Akaicheka sauti yake mwenyewe ilivyokatika. Kisha akamwambia bibi yake angeshona haraka zaidi, na kwa matusi mazuri zaidi. Maren akasema darasa la nne limemharibia msamiati.

Ikakauka hadi usiku wa Ijumaa juu ya kiti, mbali kidogo na jiko, na kila saa Babu aliinuka kuibonyeza kama mkate.

Jumamosi alfajiri walikuwa ndani ya pikapu, wameegesha kando ya lango la shamba la ngano lililovunwa. Bunduki ilikuwa mapajani mwa Babu, tupu, risasi zikiwa mfukoni mwa Maren. Mkono mmoja wa mzee ulikuwa kwenye ngozi, mwingine umejipeleka wenyewe chini ya mtutu, pale palipokwanguka, na kiganja kikajaa mahali pake. Walikunywa kahawa kutoka chupa moja. Babu akasimulia tena juu ya yule farasi bondeni, safari hii na matusi yote, kisha katikati ya sentensi akapitiwa na usingizi.

Jua lilipochomoza paa watatu walitoka kwenye vichaka vya mtoni, jike mbele, madume mawili nyuma, wakapita hatua arobaini tu kutoka langoni. Wakasimama. Dume moja likageuza kichwa chenye pembe pana likaitazama pikapu.

Maren aliitazama bunduki. Vidole vya Babu vilikuwa vimefumbata mshono. Kuichukua kungekuwa kumwamsha. Akatulia, akawatazama paa wakiruka seng'enge mmoja mmoja na kupotea kwenye mabua.

Baada ya muda mzee akajikohoza.

"Kuna kilichopita?"

"Hakuna, Babu."

"Mwongo wewe. Nimewasikia watatu." Alijiweka sawa kitini, hakuiachia bunduki. "Mimina kahawa."