Kanisa Lililokosa Maskini

Kamati ya Huduma ya Upendo ilikuwa na kila kitu isipokuwa maskini. Ilikuwa na mwenyekiti, makamu wake, katibu, fulana za zambarau zenye msalaba kifuani, na bango refu lililochapishwa mjini kwa herufi nyekundu: TUNAWATEMBELEA WASIOJIWEZA. Kilichokosekana ni huyo asiyejiweza mwenyewe, na Askofu alikuwa anakuja mwezi unaofuata kukagua kazi za parishi.

Si kwamba Moshi imeishiwa watu wenye shida. Wapo tele, ila walikuwa wameshachukuliwa. Yule mzee kipofu wa Rau alikuwa wa Walutheri. Walimjengea choo, na kila Krismasi humpiga picha akiwa amesimama mbele ya choo hicho. Watoto yatima wa kule relini walikuwa wa Wakatoliki tangu zamani. Mama mmoja aliyejifungua watoto watatu kwa mpigo alinyakuliwa na Wapentekoste kabla hajatoka wodini. Waanglikana wa Pasua ni wachache, na walipozinduka wakakuta wenzao wamekwisha kugawana. Basi kamati ikakutana nyumbani kwa mwenyekiti, ikala pilau na kuku, na iliposhiba ikaamua kumtafuta maskini miongoni mwa waumini wake yenyewe.

Wakamchagua Yuditha, bila kumwambia.

Yuditha alikuwa fundi cherehani, mjane wa Fabian, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu ambayo watu waliiita ya maringo, na hawakukosea sana. Cherehani yake ilikaa barazani, na wateja walimfuata kutoka mbali kwa sababu gauni alilolishona yeye halibani begani. Nyumba ilikuwa yake. Bati lilikuwa limeshika kutu kweli, lakini halikuvuja. Hata sare za kwaya, zile ambazo nusu ya kamati ilizivaa Jumapili na kujiona malaika, alizishona yeye. Ushahidi dhidi yake ulitolewa na Mama Hilda, mke wa mwenyekiti, ambaye kazi yake kanisani ilikuwa kukagua nguo za wenzake: Yuditha alionekana na kitenge kilekile kwenye misiba miwili. Hapo mjadala ukafungwa.

Habari hizo alizisikia pamoja na watu wote, Jumapili, wakati wa matangazo. Katibu alisoma juu ya darasa la kipaimara, akasoma juu ya mwavuli uliosahauliwa, kisha akasoma kwamba Jumamosi mchana kamati itamtembelea mama yetu Yuditha, mmoja wa ndugu zetu wasiojiweza, na kumpelekea godoro, sukari na sabuni. Watu wakamgeukia. Wengine wakampa lile tabasamu la upande mmoja ambalo mtu humpa mgonjwa. Yuditha akakaza macho madhabahuni mpaka ibada ikaisha.

Asiyejiweza. Alitembea na neno hilo njia nzima na lilimkera kama kokoto kwenye kiatu. Nani alimwambia Shedrack kwamba yeye hajiwezi? Shedrack, mwenyekiti wa kamati na muuza saruji, mtu ambaye akitoa sadaka huinua mkono kwanza ili noti ionekane rangi yake. Shedrack aliyeomba sala ndefu kuliko kasisi na kumaliza huku ameshatazama saa. Yuditha alikuwa amemdharau kimyakimya kwa miaka mingi, na dharau hiyo ilikuwa moja ya starehe zake chache. Kupokea godoro kutoka kwa mtu wa namna hiyo, tena mbele ya kamera, aliona afadhali alale chini.

Na kati ya Jumamosi zote, wakachagua hiyo. Siku hiyo ndiyo watu wa Filemon walikuwa wanashuka kutoka Mwika kuleta pombe ya kumposa Aikande, binti yake pekee. Filemon alikuwa kijana mzuri, muongoza watalii mlimani, lakini ukoo wake ulikuwa wa Walutheri wanaojisikia, wenye migomba ya mababu na, juu ya hiyo, magari. Shangazi mmoja alikwisha kuuliza, kwa upole wa kuchoma, kama huyo binti wa Pasua ana watu. Sasa watu hao hao wangefika na kukuta bango. Yuditha aliwajua watu wa namna hiyo kwa sababu, kama angekuwa na migomba na magari, angekuwa mmoja wao. Wangekunywa chai kwa adabu, wangeaga, na pombe yao wangeipandisha tena mlimani.

Alikwenda kwanza kwa Kasisi Ronald. Kasisi alikuwa kijana mpole aliyemwogopa Shedrack, maana sakristia mpya ilikuwa inajengwa kwa saruji ya Shedrack na bado haijafika kwenye linta. Alimsikiliza Yuditha kwa huruma, akasema atazungumza na kamati, akamwombea. Kuomba alikuweza. Kuzungumza na kamati hakukuweza.

Ikabidi aende mwenyewe dukani. Alimkuta Shedrack kwenye kiti cha kuzunguka, akamwomba waliondoe jina lake, wampelekee mwingine. Hakumwambia habari za posa. Kumwambia Shedrack kwamba nyumbani kuna ugeni ni sawa na kumwalika, na Yuditha alikuwa ameapa kwamba mtu huyo hatakalia kiti chake.

"Mama Aikande," Shedrack alisema, akizungusha kiti taratibu, "kiburi ndicho kinachotunyima baraka. Godoro limeshanunuliwa."

Jumamosi Yuditha aliamka amepiga moyo konde. Alifagia uwanja mara mbili, akapika machalari, ndizi za nyama, ya kutosha mtaa mzima, akapanga viti vya kukodi chini ya turubai. Alijipa tumaini kwamba wageni watawahi na kuondoka kabla ya kamati, ingawa hakuna posa ya Wachaga iliyowahi kwenda haraka. Aikande, aliyekuwa ameambiwa yote, alikaa chumbani akijipaka poda na kuifuta.

Wageni walifika wakiwa wanne, pamoja na Filemon, katika gari kubwa jeupe lililojaza njia. Kiongozi wao alikuwa Mzee Sifael, baba mkubwa wa Filemon, mtu mnene mwenye fimbo asiyoihitaji, ambaye mji mzima ulijua anajenga hoteli ya watalii kule Marangu. Wakateremsha madumu ya mbege, pombe ya ndizi, wakaamkiwa shikamoo, wakakaa. Mzee Sifael akatazama viti vya upande wa pili. Vilikuwa vitupu.

Shemeji zake Yuditha walitakiwa kuwa hapo, ndugu wa Fabian kutoka Kilema. Lakini hawakuwahi kumsamehe Fabian kwa kuuacha Ukatoliki na kufuata kanisa la mkewe, na asubuhi hiyo walituma ujumbe kwamba wana kahawa ya kuchuma. Yuditha alikuwa ameandaa maelezo marefu.

"Mama," Mzee Sifael alisema, "sisi tumeleta pombe. Tunamkabidhi nani? Au binti hana watu?"

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililouma. Yule shangazi aliyeketi kando yake akashusha macho kama mtu aliyekwisha kusema. Kabla Yuditha hajajibu ikasikika honi barabarani, kisha nyimbo za mapambio. Pikapu ya Shedrack ikasimama nyuma ya gari jeupe. Juu yake kulikuwa na godoro lililofungwa kamba, na fulana za zambarau zikiimba.

Yuditha alifika getini karibu kwa kukimbia. Mama Hilda alikuwa ameshashuka na anafungua bango, akianzia mwanzo, na neno la kwanza lilikuwa limetoka nje lote: TUNAWATEMBELEA. Yuditha akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu ambayo Mama Hilda hakuwahi kukumbatiwa nayo na mtu wa parishi hiyo, bango likiwa katikati yao, na alipomwachia alikuwa amelikunja lote na kulibana kwapani. Shedrack alikuwa amesimama kifua mbele, anasafisha koo. Tayari alikuwa amesema wapendwa katika Bwana. Hatua chache nyuma ya Yuditha, wageni walikuwa wamegeuza shingo zao wote.

"Kaka Shedrack," Yuditha alisema kwa sauti iliyofika hadi chini ya turubai, "mbona mmechelewa? Wakwe wamefika. Tunakungoja wewe upokee pombe."

Shedrack aliacha kusafisha koo. Neno kaka halikuwahi kutoka kwa mwanamke huyo kuja kwake. Alimtazama yeye, akatazama turubai, akatazama gari jeupe, kisha macho yake yakamfikia Mzee Sifael na yakatulia hapo. Hakukuwa na muuza saruji Moshi nzima ambaye hajajaribu kumfikia mzee huyo kwa habari ya hoteli ile. Shedrack mwenyewe alikwisha kurudishwa na mlinzi. Yuditha aliiona hesabu inavyopita usoni mwake, waziwazi bila haya, akamdharau kuliko siku zote na akamshukuru Mungu kwa wakati mmoja.

"Foleni, dada yangu," Shedrack alisema. "Foleni ya pale stendi."

Akaingia, akashikana mikono na wageni wote, akakaa kiti cha katikati. Kamati ikakaa ubavuni mwake bila kuelewa vizuri, ikiona sufuria na kuamua kuelewa baadaye. Godoro likaingizwa, na sukari, na kile kiboksi cha sabuni, vikawekwa mbele ya watu. Yuditha akaeleza kwamba huo ni mchango wa kaka yake na ndugu zake wa kanisani kwa ajili ya shughuli ya binti yao.

Mzee Sifael akavitazama vitu hivyo kwa muda. Vikiwa msaada kwa asiyejiweza, vilikuwa vingi, vya kupigiwa picha na kusomwa mbele ya Askofu. Vikiwa mchango wa mjomba wa bibi harusi, tena mjomba mwenye tumbo na pikapu, vilikuwa aibu. Sukari ilionekana kunywea palepale ilipowekwa.

"Ni mwanzo mzuri," mzee alisema. "Na mjomba mtu, yeye ameahidi nini?"

Shedrack alijifuta shingo. Mama Hilda alikohoa kikohozi cha onyo ambacho mumewe alikijua na siku nyingine angekitii. Lakini hoteli ilikuwa imeketi mbele yake na fimbo mkononi. Akaahidi ng'ombe dume. Turubai zima likapiga makofi, na shangazi yule akamtazama Yuditha kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mtu.

Ingeishia hapo, Yuditha angelala usingizi mtamu. Lakini Shedrack alipoonja makofi hakushikika tena. Alisimama kutoa neno la familia, na neno likawa hotuba. Alieleza jinsi alivyomlea Aikande magotini pake tangu akiwa mchanga. Alieleza jinsi alivyokuwa na Fabian kama uji na bakuli, na jinsi Fabian, siku zake za mwisho, alivyomshika mkono na kumwachia familia hii. Alitoa leso. Mzee Sifael akatikisa kichwa kwa majonzi, na mmoja wa wageni akasema pole.

Siku ya kumzika Fabian, Shedrack alikuwa anafungua tawi la duka lake kule Himo. Hakuja na hakutuma mtu. Yuditha aliyakumbuka hayo yote akiwa amesimama na bango kwapani, na kila mgeni alipomgeukia aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Angesema nini? Aikande alikuwa ameletwa nje, ameketi mkekani karibu na Filemon, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko ulivyowahi kutulia tangu baba yake afe. Yuditha alikuwa amekataa kuwa maskini wa mtu huyu kwa siku moja ya picha, na sasa atakuwa dada yake kwenye send-off, na kwenye harusi, na kwenye ubatizo wa kila mjukuu, na siku akifa ndiye atakayesimama mbele ya watu kueleza alikuwa mtu wa namna gani.

Pombe ikamiminwa. Shedrack akapokea kata ya kwanza kwa mikono miwili, akatamka kwamba ukoo umekubali, akanywa, akaipitisha. Vigelegele vikapigwa. Kisha akavuta kiti karibu na Mzee Sifael na kuanza kuuliza, kwa sauti ya chini ya ndugu kwa ndugu, kazi ya Marangu imefikia wapi na wanatumia saruji ya nani. Kata iliporudi kwake aliikung'uta, akainyoosha pembeni ya kiti, bila kugeuka.

"Dada," aliita, "kaka yako amekaukiwa."

Wageni wote walikuwa wanatazama. Yuditha akaja, akakunja magoti kidogo kama mdogo anavyomfanyia mkubwa wake, akaipokea ile kata kwa mikono miwili.

"Abee, kaka," akasema, akaenda kumjazia.