Pingamizi la Jael

Saa kumi na tatu za basi kutoka Riyadh hadi Jeddah zilimvimbisha Jael miguu, na hakupata hata lepe la usingizi. Njia nzima alirudia neno moja la Kiarabu, arfudh, nakataa, lisije likampotea mbele ya hakimu.

Madam Samia, mwajiri wake wa mtaa wa Al-Naseem kule Riyadh, ndiye aliyemfikisha kituoni kwa gari lake mwenyewe. Alimwambia aende mahakamani akasaini, kisha arudi kazini. Ruhusa ilikuwa hiyo, ya mdomo. Jael hakuomba karatasi. Nani humwomba madam karatasi?

Shauri lilikuwa la Faris, binamu ya Samia. Miaka mitatu nyuma, Jael alipokuwa mfanyakazi wake hapa Jeddah, Faris alimfungia kwenye chumba cha kufulia, akamchania nguo, akamshika kwa nguvu mpaka bega likateguka. Jael alishtaki, na kwa maajabu akashinda. Faris alifungwa miezi minane, jina lake likaandikwa kwenye daftari la wakosaji wa kingono. Baada ya hapo ikama ya Jael, kibali chake cha kuishi na kufanya kazi nchini, ilihamishiwa kwa Samia. Ukoo haukutaka aende mbali na macho yao.

Aliyemo kwenye daftari hilo haruhusiwi kuajiri msichana wa kazi, na Faris alikuwa amechoka kujifulia. Ndiyo maana aliomba mahakama ilifute jina lake. Msichana mpya alikwisha kuchaguliwa, Shiro, wa miaka ishirini na mbili. Jael aliiona picha yake kwenye simu ya Samia. Kilichobaki ni Jael kusema amemsamehe.

Kwenye korido ya mahakama, mkalimani alimketisha kando. Aliitwa Badawi, mzee wa Kizanzibari aliyekulia Jeddah.

"Mwanangu, saini yaishe," alimwambia. "Huyu bwana keshatumikia kifungo chake."

"Bega langu bado linatumikia, mzee."

Hakuwa na msamaha, na hakuona haya kwa hilo. Alitaka Faris afue chupi zake mwenyewe mpaka azeeke.

Hakimu alipouliza kama amesamehe, Jael alisema arfudh. Neno moja halikumtosha, akamgeukia Badawi. "Mwambie jina likae hapo mpaka siku watamzika."

Badawi alitafsiri kwa sauti ndogo. Faris hakukasirika. Alitoa simu, akaandika maneno mawili matatu, akairudisha mfukoni.

Hakimu aliendelea kupekua faili, bila haraka. Baadaye karani alimwomba Jael ikama ili pingamizi lake liandikwe. Akaingiza namba kwenye kompyuta, akangoja, akaingiza tena. Kisha akamwita hakimu aje aone.

"Umeripotiwa mtoro," Badawi alisema bila kumtazama. "Samia kasema umetoroka nyumbani. Karipoti sasa hivi tu. Ikama yako imefungwa, na bila ikama pingamizi haliandikwi."

"Si yeye ndiye aliyenifikisha kituo cha basi?"

"Una karatasi?"

Hakimu aliandika kwamba hakuna pingamizi. Jina la Faris lilifutwa kabla ya adhuhuri.

Askari alimsogeza Jael mezani atie kidole kwenye karatasi ya utoro. Wino ulikuwa wa buluu, mwingi. Hatua mbili kutoka pale Faris alikuwa akipokea mikono ya pongezi ya ndugu zake, kanzu yake nyeupe pe. Jael alitia kidole kwenye karatasi. Kisha akageuka, akambandika Faris kidole gumba kifuani, akakikandamiza na kukizungusha taratibu, kama askari alivyomfundisha pale mezani.

Askari walimkunja mikono nyuma wakamtia pingu. Bega lilimuuma mpaka machozi yakamtoka, lakini hakuacha kutazama. Faris alisugua doa kwa leso, nalo likazidi kuenea. Mwishowe akaacha, akasema kitu, ndugu zake wakacheka.

"Amesema nini?" Jael aliuliza.

Badawi alimtafsiria.

"Kasema msichana mpya ataifua."