Michirizi Iliyotangulia Kizuka

Msumari wa mwisho ulikataa. Revokatus aliuzungusha kwa koleo, akaupiga nyundo kutoka chini, akautukana kidogo, na bado ulikaa kwenye ubao kama jino la mzee. Alikuwa amesimama juu ya meza, na meza imesimama ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limeshapita ua na jiko la nje. Sasa lilikuwa linalamba ngazi ya mlango, polepole, bila hasira, kama ng'ombe anayelamba chumvi.

Ndani, mke wake Jovita alikuwa anasonga ugali. Mafiga aliyapandisha juu ya matofali ili moto usilowe.

"Umemaliza kunyonyoa nyumba yangu?" aliuliza.

"Imebaki kona moja."

"Chukua hiyo michirizi yako. Lakini ukigusa bati, nitakuangusha wewe na meza yako."

"Nimesikia, Mama Eliana."

"Kusikia unasikia kila siku."

Msumari ulitoka. Mchirizi wa bati, ule wa kukinga maji ya paa, ukaning'inia, ukamwaga majani makavu na tope la miaka, na Revokatus akaushusha begani. Mgongo ulimuuma. Siku hizi kila kitu kilimuuma, hata kulala.

Huku ufukweni kwa Rumonge watu wana hesabu yao. Ukitoa mlango, unaweza kusema fundi anautengeneza. Ukitoa madirisha, utasema ni mchwa. Lakini ukivua mabati, nyumba imekufa, na jirani anakuja kukupa pole kama mfiwa. Ndiyo maana Jovita alikubali michirizi tu. Michirizi ni kama hereni: mwanamke akivua hereni hajaachika.

Nyumba ile ilitoka mikononi mwake. Waliporudi kutoka makambi ya wakimbizi ya Kasulu hawakuwa na kitu, na yeye ndiye aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwa hili, mchangani mpaka zikawa matofali, zikawa mabati, zikawa hiyo michirizi, ya kwanza mtaani. Majirani walikuwa wakija kuchota maji ya mvua kwenye pipa lake, na yeye akiwakaribisha kama mwenye kisima. Sasa majirani wenyewe walikuwa wameondoka. Wengine walikwenda kwa ndugu, wengine mahemani.

"Vita vilinihamisha nikiwa mutoto," alikuwa akisema. "Kambi ikanihamisha nikiwa mama. Na hili ziwa nalo likitaka kunihamisha, lije na karatasi."

Revokatus hakusoma sana, na mbele ya mke wake hata waliosoma walikuwa wakiishiwa maneno. Alichokijua ni ukuta. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umevimba chini. Tofali la udongo likishanywa maji haliagi mtu. Linakaa, linakaa, siku moja linalala. Na upande litakaolalia ndiko kilikokuwa kichwa cha Jovita. Alijaribu kuhamisha kitanda. Jovita alikirudisha.

Kule Kizuka, katikati ya michikichi, alikuwa na kipande cha ardhi alichoachiwa na baba yake mdogo. Alisimamisha kibanda cha miti na udongo, akakiezeka kwa makuti ya mchikichi. Kisha akaanza kupandisha michirizi, akiifunga kwenye baiskeli, nayo ikigonga mawe nyuma yake njia nzima, watu wakigeuka kuona ni mwendawazimu gani anayeburuta kelele.

"Nyumba haina bati, lakini ina michirizi," Jovita alimwambia siku ya kwanza. "Baba Eliana, umeotesha ndevu kabla ya kidevu."

"Haitakuwa ya mvua."

"Ya nini basi?"

"Utaona."

Hakuona, kwa sababu alikataa kwenda. Ikabidi Revokatus awe anamletea habari, kila jioni, miguu ikiwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Mchirizi mmoja aliutundika kwenye ukuta kwa waya, akautoboa chini, akaujaza udongo na samadi, akapanda vitunguu na mboga ya lengalenga.

"Mbuzi hawavifikii," alisema.

"Hongera kwa mbuzi."

Mwingine aliukata, akaziba ncha kwa kukunja bati, akawapa kuku wawe wanakunywa humo. Mwingine aliulaza kutoka pale pa kuogea mpaka kwenye migomba, ili maji ya sabuni yasifanye tope mlangoni. Alimweleza yote, na Jovita akasikiliza huku akichambua maharage.

"Mwambie kuku asinisubiri," alisema, akaenda kulala kwenye ukuta wake.

Masika ilikaza. Asubuhi moja maji yalikuwa chumbani, yametulia kama yamelala pale tangu zamani. Jovita alishusha miguu kitandani, akayakanyaga, akaenda kuwasha moto. Revokatus aliugusa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa laini kama mkate.

Siku hiyo ndipo akili ilipomjia, au uchovu, maana mtu akichoka sana hivyo viwili vinafanana. Alichosahau kumjengea Jovita kule juu ni kazi yake. Kuku na vitunguu vilikuwa vya mtu yeyote. Jovita alikuwa mtu wa ndagala.

Alimwendea Marguerite, mama wa Kikongo kutoka Fizi, aliyekuwa akinunua samaki mitumbwini asubuhi na kupita na baiskeli ya kukodi mpaka Kizuka. Akamwomba ndoo moja ya ndagala wabichi.

"Papa Eliana, wewe iko mwanikaji tangu lini?"

"Tangu leo."

"Aa, sawa. Mungu akusaidie, na samaki pia."

Kule Kizuka alipanga michirizi iliyobaki ubavu kwa ubavu juu ya vigingi, matumbo juu, ikang'aa kama kitanda cha tajiri. Akamwaga ndagala ndani, akawatandaza kwa vidole, akakaa kivulini kupumzika. Jua likatoka kali. Usingizi ukamchukua.

Kilichomwamsha ni harufu, na kicheko cha Marguerite.

"Papa Eliana, hii iko supu ama iko dagaa?"

Alichungulia. Maji ya samaki yalikuwa yamejaa tumbo la mchirizi, bati limeshika moto, na ndagala walikuwa wamepikwa humo, ngozi zimegandia chini, vichwa vimeachana na miili. Nzi walikuwa wameshafika, wote, pamoja na jamaa zao.

"Usimwambie Mama Eliana," alisema.

"Mimi? Mimi sina mudomo," alisema Marguerite, akapanda baiskeli na kurudi mjini bado anacheka.

Jovita alifika kabla jua halijainama. Alikuja kwa miguu, kanga imefungwa kiunoni kwa ugomvi. Hakumsalimia mtu. Aliwapita kuku, akavipita vitunguu, ingawa hapo mwendo ulipungua kidogo, maana vilikuwa vimechipua vizuri. Akasimama mbele ya michirizi.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna."

"Inaonekana." Alichovya kidole, akanusa, akakipangusa kwenye shati la mume wake. "Mchanga unakunywa, Revokatus. Bati halinywi. Hiki chombo kimetengenezwa kushika maji, na wewe umekilaza chali, ukakipa samaki wenye maji. Ulitegemea nini?"

"Nilitegemea utakuja."

Jovita alimtazama. Kisha akageuka, akaanza kumwagia kuku ule uji wa samaki. Aliisugua michirizi kwa majivu. Aliipindua yote, migongo juu, akaacha nafasi ya kidole kati ya mmoja na mwingine ili maji yadondoke chini. Akaona wavu mkuukuu uliozungushiwa shina la mpapai, akaufungua bila kuomba, akautandika juu na kuuvuta mpaka ukakaza kama ngoma, usiguse bati.

"Hapo sasa," alisema. "Upepo unapita chini. Samaki hawaguswi na moto." Alipiga wavu kwa kiganja. Kwa muda uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa ufukweni, kabla ya maji. Halafu aliangalia juu. Wingu lilikuwa linatoka upande wa Kongo, jeusi, limebeba. "Na mvua ikija, nawafunika na nini?"

"Kuna makuti."

"Makuti yanavuja. Ndagala wakinyeshewa mara moja tu, ni mbolea."

Revokatus alijua akifungua mdomo ataharibu. Jovita alifunga tena kanga yake na kushika njia ya kuteremka, na alipogeuka nyuma ilikuwa tu kumwambia asiwaache kuku wale vichwa, vitawakwama.

Revokatus aliwafuata kuku kwanza, kama alivyoagizwa. Kisha akachukua baiskeli. Mvua ilimpitia njiani, fupi na nzito, ikaenda zake milimani. Alipofika chini jua lilikuwa limerudi, na kabla hajaiona nyumba alisikia nyundo.

Jovita alikuwa juu ya meza, maji yakizunguka miguu ya meza, misumari ikiwa imebanwa midomoni. Kona ya bati la kwanza ilikuwa imeshaachia.

"Ni ya kufunikia ndagala tu," alisema kati ya misumari. "Usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu."

"Na usiseme. Panda, shika upande huo."

Revokatus alipanda. Meza ililia kwa uzito wa wote wawili. Walivuta pamoja, bati likakwaruza mbao, likagoma, likatoka, na uzito wake ukawaangukia mikononi. Jua liliingia chumbani, mahali ambapo halikuwa limefika tangu nyumba iezekwe. Likaangukia maji kando ya kitanda, yakawa ya kijani, yanaonekana mpaka chini. Visamaki vidogo vilikuwa vinazunguka mguu wa kitanda, bila haraka.

Jovita alivitazama muda mrefu. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono kuomba koleo.