Daftari Juu ya Moto

Kabla hapajakucha nilisikia panya akikwaruza kwenye dari la jikoni. Hakuwa akikwaruza mahindi. Ilikuwa sauti ya karatasi. Nikainuka upesi kuliko magoti yangu yanavyotaka.

Pale juu nilikuwa nimetundika daftari la Jotham, mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe, tangu malaria ilipomchukua akiwa chuo kikuu Dar es Salaam. Kwetu Matwebe mvua haiishi, na kitu ukikiweka sandukuni huota ukungu. Mbegu tunazitundika juu ya moto ili moshi uzilinde. Nami nikalitunza daftari kama mbegu. Ilikuwa imepita miaka mitatu. Nilipolifungua, kurasa zilikuwa rangi ya chai kavu, na ule wa mwisho mweusi tii.

Jotham aliniambia anatafuta mstari mmoja tu wa hesabu utakaoeleza dunia yote: mvua, moto, nyota, ndizi inayoanguka.

"Na mimi nimo?" nilimuuliza.

"Umo, bibi, na magoti yako."

Sasa kama aliupata, basi mimi ndiye niliyeukausha kwa moshi.

Nikatuma salamu kwa Hasheem, mtoto wa mwenye duka Tukuyu, aliyesoma na Jotham. Siku hizi anafundisha fizikia. Jumapili akaja na sukari kilo mbili. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya miaka ya uhaba.

"Umekonda, mume wangu," nikamwambia. "Huko mjini hawakupikii?"

"Nakusubiri wewe, bibi, unanizungusha tu."

Akakaa mlangoni penye mwanga, akifuta masizi kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Utachafuka."

"Litafuliwa. Sabuni ipo siku hizi."

Alisoma mpaka chai ikapoa.

"Mara saba ameuandika mstari," akasema, "na mara saba ameufuta mwenyewe. Hapa anasema nguvu ya kuvuta vitu chini inakataa kuingia."

"Ile ya ndizi kuanguka?"

"Hiyohiyo."

"Na ukurasa wa mwisho?"

Akaugeuza huku na huku. Angeweza kunidanganya.

"Sioni kitu, bibi. Sijui aliandika nini."

"Nimeuharibu."

"Mabingwa wa dunia nzima bado wanautafuta. Hatujasikia aliyeupata."

"Hata Ulaya?"

"Hata Ulaya."

"Na wao hawana moshi wa kusingizia."

Akacheka, kisha akainamisha uso. "Tulikuwa tunautafuta wawili. Alipokufa, nikaacha."

Nilimpashia chai. Akaomba karatasi, akaanza kunakili zile kurasa zinazosomeka. Mchana ule alimaliza tatu.

Wakati wa kuondoka nililifunga daftari kwenye khanga nimpe. Akalirudisha mikononi mwangu.

"Likae hapahapa, bibi. Nitanakili kidogo kidogo."

Angeweza kulichukua na kumaliza kwake kwa siku mbili. Nilielewa. Nikamsindikiza hadi barabarani, mvua ikitunyeshea sote.

"Jumapili uje tena," nikamwambia. "Hata mstari usipopatikana, mume wangu, wewe uje tu."