Profesa Alipopiga Simu Kihambani

Kupata chuo ni jambo moja, kwenda ni jambo lingine. Mektrida alilijua hilo tangu siku barua pepe ya pongezi ilipoingia, wakati mama zake wadogo wakipiga vigelegele na baba yake, mzee Sylvanus, akizunguka kwa majirani kutangaza kwamba binti anakwenda ng'ambo kusomea udaktari wa maji. Chini ya pongezi kulikuwa na sharti. Nafasi itakuwa yake akipata profesa wa kumsimamia, na profesa hapatikani kwa cheti. Anapatikana kwa mazungumzo ya simu. Asipokutaka, pongezi zako utazibandika ukutani.

Wa kwanza alishamwambia kwa upole kwamba amejaa. Alibaki mmoja tu, mzungu mtu mzima aliyewahi kukaa Moshi akichunguza mifongo, ile mifereji ya mababu inayoshusha maji kutoka mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya kila familia. Huyu alikuwa ameandika kitabu kizima kusema mifongo inakufa kwa sababu mvua imepungua. Mektrida alipomwandikia, alijibiwa kwa ufupi: siku nitakapopiga, uniambie nimekosea wapi.

Na Mektrida alijua amekosea wapi. Utafiti wake wa shahada ya kwanza aliufanya kwenye mfongo wa ukoo wao wenyewe, juu kidogo ya Marangu. Kwenye banio, pale maji yanapoingia mferejini, maji ni tele. Yakifika vihamba vya chini, hayalowanishi hata kisigino. Katikati hapo kuna bwawa la samaki na nyumba ya wageni, vyote mali ya baba yake mkubwa Theodory, ambaye ndiye mwenyekiti wa mfongo na mgawaji wa zamu za maji. Mvua ilikuwa inasingiziwa tu.

Mazoezi alifanyishwa na Rahma, rafiki yake wa tangu chuoni, fundi nguo wa Pasua, mjini Moshi. Rahma alivaa miwani ya mama yake, akakaa nyuma ya meza ya kukatia vitambaa na kuuliza maswali kwa maringo. Kila Mektrida alipoanza na "samahani" au "kwa heshima yako", Rahma aligonga meza kwa mkasi.

"Wewe, huyo si babu yako. Wenzetu ukinyamaza wanaona huna kitu kichwani. Mwambie amekosea, halafu mwambie kwa nini."

"Na yeye akisema nimekosea mimi?"

"Ubishe. Si ndiyo kazi unayoiomba?"

Nyumbani alimkariria baba yake maneno yote kwa Kiswahili, mzee akiwa anawakatia mbuzi migomba. Alimweleza habari za banio, za bwawa, za mabomba yaliyofukiwa chini ya majani. Mzee Sylvanus alisikiliza hadi mwisho.

"Na jina la kaka yangu utalitaja?"

"Hapana, baba. Nitasema mwenyekiti."

"Mwenyekiti," alirudia mzee, akaendelea kukata.

Mektrida alikuwa amepanga kupokea simu kwa Rahma, mjini, kwenye mtandao usiokatika. Baba yake hakutaka kusikia. Mtu anayekuja kukuchukua miaka yote hiyo, alisema, azungumze nawe kwenye kibanda cha fundi, kama mtoto asiye na kwao? Kwao binti hatolewi kimyakimya. Anayemtaka, awe bwana harusi au chuo, hupokelewa na wazee. Mektrida alibisha kidogo, akaona aibu, akakubali. Heshima ina siku zake za kumponza mtu, na siku hiyo aliitii mwenyewe kwa miguu yake miwili.

Jumamosi alipoingia sebuleni na simu mkononi, alikuta mbege, pombe ya ndizi, imeshamiminwa kwenye vibuyu na baba mkubwa Theodory ameketi kwenye kiti kinachotazamana na chake, amevaa koti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Weka spika na sisi tusikie. Kiingereza changu cha ushirika hakijaota kutu."

Simu ilipoita, mzee Sylvanus aliichukua kwanza. Alimsalimia profesa kwa Kiswahili, ambacho profesa hakuwa amekisahau tangu Moshi, akamuuliza hali ya mke na watoto, akamsimulia ukoo tangu babu. "Tunakukabidhi mtoto mtiifu," alimalizia. "Huyu hajawahi kumjibu mtu mzima." Profesa alicheka kwa adabu, akashukuru, akaomba azungumze na Mektrida.

"Haya, niambie. Nimekosea wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni, limenyooka, limepigwa pasi na mkasi wa Rahma. Lakini Theodory alikuwa amesogeza kiti, sikio limeelekea kwenye simu. Hakumkazia macho hata kidogo. Alikuwa anatabasamu. Mzee Sylvanus alitazama ndani ya kibuyu chake kama mtu aliyedondosha kitu humo. Mlango ulikuwa wazi na simu ilikuwa ya Mektrida. Angeweza kutoka nayo hadi chini ya miti ya kahawa na kusema yote. Hakutoka.

"Hujakosea, Profesa," alisema Mektrida. "Mvua imepungua kweli."

"Huna lingine?"

"Sina."

Profesa aliuliza kama mlima unaonekana leo, akaaga.

"Umejibu kwa adabu," alisema Theodory, akanyanyua kibuyu.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata. Profesa aliwashukuru wazee kwa ukarimu wao, akasema anatafuta mwanafunzi mwenye msimamo wake mwenyewe, na kwamba ameshampata. Rahma alipopiga simu kuuliza, Mektrida hakupokea. Alimchukia Theodory hadi chakula kikakosa ladha.

Jioni moja baba yake alimwambia, "Kaka anauliza kwa nini ulishindwa kuzungumza na yule mzungu. Anasema umetutia aibu."

"Nilishindwa?" Mektrida alipaza sauti. "Ningesemaje na yeye amekaa mbele yangu? Nani alimwita?"

"Mimi."

"Wewe, baba?"

"Alisikia huko Himo kwamba unaandika habari za maji," alisema mzee. "Akanitumia mtu kuniambia zamu yetu ya maji itaangaliwa upya. Nikamwita aje akae, asikie kwa masikio yake kwamba hatumsemi."

"Ulijua nikinyamaza siendi."

"Wewe ungekwenda, mwanangu," alisema. "Mimi ningebaki naye."

Zamu yao ilipofika, maji yalishuka kihambani mengi kuliko walivyoyaona mwaka mzima, yakafurika hadi kwenye njia. Mvua haikuwa imenyesha hata tone. Mgongo ulikuwa unamsumbua mzee, kwa hiyo Mektrida alichukua jembe akaenda kuyaelekeza kwenye migomba.