Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alikata mikono miwili ya kushoto. Si mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, kama binadamu tulivyoumbwa, bali ya kushoto yote miwili, na gauni lenyewe lilikuwa la harusi ya binti yake wa pekee, Jumamosi. Hariri ile ilikuwa imekwisha dukani. Kipande kilichobaki kilitosha mkono mmoja, tena kwa kubana. Akikosea tena, bibi harusi angetoka na mkono mmoja.

Mtu wa miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, afanye kosa la mwanagenzi. Alikaa akajiuliza, jibu likamjia. Alikata saa tisa alasiri, baada ya kupokea watu tangu asubuhi: huyu zipu, yule pindo, wa tatu hana nguo wala haja, kaja kupiga soga. Macho yalikuwa wazi, akili imeshalala. Na suruali ya mwalimu iliyotoka fupi? Saa tisa. Kola ya shemeji? Saa tisa vilevile. Muda alikuwa nao siku zote. Kilichomwishia ni nguvu, naye alizigawa asubuhi kama pipi kwa kila apitaye.

“Kesho asubuhi nakata, mlango nimefunga,” alimwambia mumewe.

“Wateja watakukimbia.”

“Wakikimbia watapungua mwili. Nitawabania nguo.”

Saa mbili asubuhi alitandaza hariri mezani, akaikagua mbele na nyuma. Hakuwahi kumfungia mtu mlango maisha yake yote.

“Hodi.” Alikuwa mteja wa zipu.

“Njoo saa nane, ndugu yangu.”

Mteja akaenda zake akinung'unika. Haukupita muda, akafika wifi yake, ambaye hodi yake huwa ni taarifa, si ombi.

“Njoo saa nane, wifi.”

“Saa nane? Mimi?”

“Saa nane nitakuwa nimechoka. Soga ndiyo nitaiweza.”

Wifi alisonya, akaapa kwamba harusini hatapiga hata kigelegele kimoja. Fundi aliumia, lakini hakufungua. Aligeuza karatasi ya kukatia upande wa pili, akaizungushia chaki, akahakiki mara mbili, ya tatu kwa sababu ya woga.

“Mama, ni mimi.”

Mkasi ulisimama hewani.

“Rudi saa nane, mwanangu.”

“Hata mimi?”

Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya mtoto aliyekuwa akimletea daftari jioni, akimkuta anasinzia juu ya cherehani, hata akazoea kuondoka kimyakimya. Fundi akausogelea mlango bila kuufungua.

“Sikiliza, mwanangu. Asubuhi zangu zote walizila wateja. Wewe nikakupa jioni, makombo. Hii ya leo ni yako, nzima. Niachie niimalize.”

Fundi alirudi mezani, akaanza kukata mkono wa kulia, polepole, hariri ikiufuata mkasi. Alisikia kigoda kikiburutwa hadi mlangoni, mtu akikikalia. Baadaye zikaja hatua za wifi, aliyerudi na hasira zake, lakini safari hii hodi haikufika.

“Shangazi,” binti alisema kwa upole, “mama ana kazi yangu.”