Paka wa Hatua Nane

Mwalimu mmoja wa chekechea, ambaye watoto wote walimwita Shangazi ingawa alikuwa shangazi wa kweli wa mmoja tu, alikuwa na maringo yake, na maringo hayo yalikuwa paka. Paka wa kuchorwa, wa hatua nane. Alikuwa pia na samaki wa hatua tano na kuku wa hatua saba, lakini paka ndiye aliyempa jina. Mtoto aliingia darasani kwake hajui hata kushika penseli, na baada ya wiki mbili akarudi nyumbani na paka mwenye sharubu. Mzazi alimtazama paka, akamtazama mtoto, akauliza kama kweli huyu ni wake.

Siri ilikuwa mdomoni. Walimu wengine huchora ubaoni wakawaambia watoto waige, na Shangazi aliuona huo kuwa uvivu mtupu. Yeye kila mstari aliupa maneno yake. "Hatua ya kwanza, duara, dogo kama kifuniko cha chupa, katikati ya karatasi. Hatua ya pili, duara kubwa chini yake, yasalimiane." Tena alikuwa na sheria aliyoibuni mwenyewe, nayo aliionea fahari kuliko cheti chake: kidole mlinzi. Kidole cha mkono wa kushoto kikae pale mstari ulipoishia, kisibanduke mpaka hatua inayofuata itajwe, ili mtoto asipotee njia.

Aliyeshika sheria hiyo kuliko wote alikuwa binti wa mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka sita waliyemwita Nukta kwa udogo wake. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake aliendesha lori la masafa marefu, akarudi mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo Nukta aliishi kwa shangazi yake, akalala kitanda kimoja naye, akaenda shule naye mkono kwa mkono.

Nukta alichora huku uso wake ukikaribia kugusa karatasi. Shangazi akasema hiyo ndiyo bidii. Alikandamiza krayoni mpaka zikakatika, kisha akawa anapapasa mistari ya nta kwa ncha za vidole. Shangazi akasema huo ni uharibifu, akamgombeza. Juani machozi yalimtoka, Shangazi akasema ni vumbi la chaki. Shangazi hakukosa jibu hata siku moja, masikini. Na paka wa Nukta walijaa ukutani, wengine wakapelekwa kwa baba yake, naye akawabandika ndani ya lori na kuwaonyesha madereva wenzake kila kituo.

Jumatatu moja sauti ikamkauka Shangazi, ikamkauka kabisa. Wa kumshikia darasa hakuwapo. Alikwenda amejifunga kitambaa shingoni, akawaonyesha watoto koo lake, akapunga mkono kwamba leo hakuna maneno. Kisha akageukia ubao, akachora samaki polepole, mstari baada ya mstari, akiacha muda kila hatua. Alipogeuka, vichwa vyote vilikuwa vimeinama kwenye karatasi, isipokuwa kimoja. Nukta alikuwa ameketi wima, krayoni mkononi, kidole mlinzi kwenye kona ya karatasi tupu, akingoja.

"Shangazi," aliita kwa adabu, "hatujaanza?"

Darasa lilicheka. "Sisi tumefika mkiani!" mmoja akapiga kelele. Nukta naye akacheka, akidhani anataniwa. Shangazi alikwenda akasimama kando yake, akanyoosha vidole viwili upande wa kushoto wa uso wa Nukta, akavitikisa. Mtoto hakugeuka. Akavisogeza mbele taratibu, na vilipofika mbele kabisa ya pua ndipo Nukta alipoviona, akasema, "Viwili!" kwa furaha ya aliyeshinda mchezo.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ni presha ya macho, alisema, ile inayokula kidogokidogo bila kuuma. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na kijitundu cha kati. "Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda kwa upasuaji, na si wa kungoja mwezi ujao. Nahitaji sahihi ya mzazi."

"Mimi ndiye ninayemlea."

"Najua, mama. Nahitaji ya mzazi." Kisha, akiwa anaandika, akauliza, "Shuleni hawakugundua? Watoto wa namna hii hushindwa kunakili ubaoni. Kwa kawaida mwalimu ndiye anayetuletea mapema."

"Alikuwa anaongoza," Shangazi akasema.

Daktari aliinua macho, kisha akamsukumia fomu. Njiani kurudi, Nukta alikuwa akihesabu hatua zake kwa sauti, na kila namba ilimchoma Shangazi moyoni.

Baba alifika Jumamosi na bahasha ya michoro kwapani. Alikuwa aondoke tena Jumapili alfajiri. Aliimwaga michoro mezani, juu ya fomu ya hospitali.

"Dada, hebu tazama. Kipofu gani anachora hivi? Macho mawili, kila moja mahali pake! Wewe mwenyewe uliniambia hakuna anayemfikia."

"Nilimtajia mimi, mdogo wangu. Kila mstari nilimtajia."

"Basi akachora kwa masikio?"

"Ndiyo."

Baba alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akaketi. "Mama yake walisema ni upasuaji mdogo. Nusu saa tu. Nikatia sahihi, kwa mkono huu." Aliutazama mkono. "Sitii tena, dada. Usinilazimishe."

Shangazi aliitazama michoro. Angemwambia nini? Alimjua mdogo wake: akishakataa, hasogei. Na ushahidi wote uliokuwa pale mezani ulikuwa wa upande wa baba, na ni yeye Shangazi aliyeutengeneza, hatua kwa hatua, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mpe kitu ambacho sijamfundisha," akasema hatimaye. "Chora wewe, aige. Mimi sitafungua mdomo."

Baba alichukua penseli, akachora lori lake: kichwa, tela, magurudumu manne, dirisha. Akaita, "Nukta, njoo, mama. Mchoree baba lori."

Nukta alikuja akigusa mgongo wa kila kiti, kama alivyozoea. Baba akamwekea lori lake upande wa kushoto na karatasi tupu upande wa kulia. Mtoto alinyoosha mkono, akapapasa karatasi ya kwanza aliyoikuta, ile ya kushoto. Penseli haina nta. Aliihisi laini, akaidhani tupu, akaivuta kwake, akaweka kidole mlinzi.

"Shangazi, lori ni hatua ngapi?"

Shangazi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Neno lilikuwa kooni, na safari hii sauti ilikuwapo.

"Shangazi?"

Nukta alingoja. Kisha, kwa kuwa baba alikuwa anataka picha na hatua za lori hazikuja, akafanya lile alilolijua. Akachora duara dogo katikati ya karatasi, juu ya tela la baba yake. Duara kubwa chini yake, katikati ya magurudumu, yakasalimiana. Masikio yakatokeza juu ya dirisha. Aliinama, ulimi umetoka pembeni, akaweka macho mawili, kila moja mahali pake.

Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Alitazama mpaka mkia. Halafu akaisukuma michoro kando, akaitafuta fomu, akatia sahihi kwa ile penseli, Shangazi akimshikia karatasi. Baada ya hapo alitoka nje, akasimama kando ya lori, akaegemeza paji la uso mlangoni.

Nukta alisikia mlango. Bado kidole mlinzi kilikuwa kwenye ncha ya mkia, hakijabanduka.

"Shangazi, mbona umeninunia?" aliuliza. "Nimekosea hatua gani?"